Kibodi ya Pembe na Ng'ombe Watano

Tumtendee haki Khatibu mapema, maana mbele ya safari hatutapata nafasi. Khatibu hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Khatibu katika miaka yake thelathini na minne hakuwahi kuvunja hata sahani. Yeye alifunguliwa. Watu walimfungulia milango na pochi kwa hiari yao, wakamkaribisha chai, wakamwita shemeji, na wiki mbili baadaye ndipo walipoanza kumtafuta. Shinyanga walimtafuta. Maswa walimtafuta zaidi. Mwanza kulikuwa na mtaa mzima uliotamani kumwona japo dakika tano. Kwa hiyo sasa alikuwa Bariadi, amepanga chumba kimoja, ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni ambacho hakikuandikwa ofisi yoyote, na ana ahadi moja tu ambayo hakuitoa kwa nia ya kumla mtu: alimwambia mama yake, kule Morogoro, kwamba kabla ya mvua atarudi na bati za nyumba. Mama aliamini. Wote huamini, lakini huyu alimkaa moyoni.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwa Joyness, fundi simu na redio mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuja kuchaji simu bure. Kuchaji kwa kulipia aliona ni tabia ya watu wasio na marafiki. Joyness hakuwa rafiki yake hasa, ila alikuwa na umeme.

"Chomeka pale, halafu usinisemeshe," Joyness alisema bila kugeuka. "Niko kwenye swichi ya mwisho."

Khatibu alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo mashahidi wake wote wa zamani wangelikataa mahakamani. Ndipo Joyness akaweka kichomeo pembeni, akapuliza moshi wa risasi ya kuchomelea, akachomeka waya kwenye kompyuta yake ndogo na kuanza kuandika. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Ulikuwa mlio mzito, wa chini, wa kitu kinachojiheshimu.

"Hiyo nini?"

"Kibodi."

"Ya kompyuta? Si wanauza pale kwa Hashimu, elfu kumi na tano?"

"Kwa Hashimu unanunua plastiki," alisema Joyness. "Hii nimeitengeneza mwenyewe. Miezi saba."

Hapo Khatibu alikuwa ameshafanya kosa la kila anayemuuliza mtu habari za kitu anachokipenda. Joyness akaeleza. Akaeleza habari za swichi sitini na nane zilizotoka China, kila kitufe na swichi yake, kila swichi na springi yake. Jinsi alivyozifungua zote moja moja, akazipaka grisi kwa brashi ya kupakia rangi ya kucha, akazifunga tena. Akaeleza jinsi alivyochomelea kila mguu wa swichi kwa mkono, na jinsi mwezi wa nne safu nzima ya herufi ilivyokataa kuandika kwa sababu ya kidude kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele alichokiweka kinyume. Alikitafuta siku tisa. Kasha lilikuwa la mninga. Vitufe vilikuwa vya pembe za ng'ombe alizookota machinjioni, akazichemsha, akazikata, akazisugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Na tumboni mwa kasha, ili mlio usiwe wa debe tupu, alishindilia pamba aliyoletewa na shangazi yake kutoka Sola.

"Sasa inafanya nini ambacho ile ya plastiki haifanyi?"

"Inaandika."

"Hata ile inaandika."

"Hujaelewa," Joyness alimwambia kwa huruma. "Weka kidole."

Khatibu akaweka kidole. Ko. Akaweka cha pili. Lazima tukiri kwamba kwa muda mfupi alisikia raha kifuani, raha safi ya mtu anayegusa kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Kisha raha ile ikapita, akarudiwa na akili yake ya siku zote.

"Kuna mkubwa mmoja pale ofisini," alisema, akikishikashika kitambulisho chake kisicho na ofisi. "Akiisikia hii, ataagiza kumi. Niazime mpaka Jumamosi."

Joyness alisita. Kwa miezi saba hakuna mtu aliyewahi kuisifu kibodi ile. Mama yake alidhani ni cherehani iliyokosewa. Wateja waliitazama na kuuliza redio zao zitapona lini. Sasa huyu anasema kumi! Akaifunga kwenye kanga, akaitia kwenye boksi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Jumamosi saa nne. Na usile chakula juu yake."

"Wallahi, Joyness."

"Usiape. Irudishe."

Jumanne Khatibu alifanya kazi. Kuna watu husema matapeli ni wavivu, na hao ni watu ambao hawajawahi kueneza uvumi kwa miguu kuanzia asubuhi. Alipita kwenye migahawa ya chai, kwenye foleni za ofisi, kwenye mabenchi ya wanaosubiri kuitwa na hawaitwi. "Mmesikia habari ya barua za mlio?" aliuliza, akaondoka kabla hajajibiwa. Kufika saa saba mchana, mama muuza maandazi alimweleza yeye Khatibu habari hiyo kwa urefu, tena ikiwa na mambo mengi kuliko aliyoyatunga. Jioni akabandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata, katikati ya chanjo ya mbuzi na ratiba ya mpira: kuanzia sasa barua zote zitapokelewa zikiwa zimeandikwa kwa kibodi ya mlio tu, na hilo ni agizo. Hakuweka jina wala saini. Aliweka tarehe na kumbukumbu namba ndefu yenye mikwaju sita, maana alijua Watanzania wenzake wanaheshimu nini.

Jumatano akaenda kwa Mzee Bujiku.

Mzee Bujiku alikuwa mfugaji wa Bukundi aliyekuwa na ng'ombe wengi kiasi cha kuona haya kuwataja. Mwaka juzi wanawe walimwambia dunia imebadilika, naye akafungua stationari karibu na ofisi za serikali: kompyuta mbili, mashine ya kutolea kopi, na ua la plastiki. Wateja hawakuja. Walikwenda ng'ambo ya barabara kwa Hashimu, ambako foleni ilianza asubuhi na kuishia kwenye mtaro, na Mzee Bujiku alishinda mlangoni akiihesabu foleni ile kwa uchungu.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo," alianza Khatibu, aliyekuwa amejifunza salamu moja ya Kisukuma kwa ajili ya kazi.

"Mwangaluka, bhabha. Marahaba. Kopi?"

"Nina swali tu, mzee wangu. Barua zako zinakubaliwa?"

"Zinapelekwa."

"Sikuuliza kama zinapelekwa."

Khatibu akafungua boksi, akaikunjua kanga taratibu, akaiweka kibodi mezani. Akabonyeza. Ko.

"Barua zinazoandikwa kwa kibodi za kawaida ni nyepesi, mzee. Zikifika ofisini, feni ikizunguka, zimekwenda. Hii ni kibodi ya mlio. Mlio unaingia kwenye wino, wino unaingia kwenye karatasi, na karatasi ikifika pale inasikika."

"Wanaisikiaje?"

"Kwa mtambo."

"Uko wapi?"

"Makao makuu."

Mzee Bujiku akaitikia kwa kichwa. Mambo mengi yasiyoonekana yako makao makuu. Akainyanyua kibodi, akaipima uzito kwa mikono, akainusa, akapitisha kidole gumba kwenye vitufe kimoja kimoja.

"Pembe hizi."

"Pembe za serikali, mzee."

"Za dume au za jike?"

"Dume!" Khatibu alijibu haraka, maana dume lilisikika kuwa la gharama zaidi.

"Mh," alisema Mzee Bujiku, na kidole kikaendelea kupapasa. "Na Hashimu je?"

Khatibu alikuwa amelisubiri swali hilo tangu avuke barabara.

"Hashimu nina miadi naye saa sita. Simiyu nzima inatoka moja tu. Atakayeichukua ndiye wakala. Watu wote watakuja kwake, wa Maswa, wa Itilima, wa Meatu, na bei ya barua atapanga mwenyewe. Akisema barua moja ni kuku, ni kuku. Nani atamuuliza?"

"Bei napanga mimi?"

"Wewe mwenyewe, mzee. Hata mimi nikija kuandikiwa, nitalipa utakachosema."

Mzee Bujiku aliitazama foleni ya Hashimu, akamtazama Khatibu, akacheka kidogo. Pesa taslimu alisema hana. Mali yake iko kwenye miguu minne. Wakakubaliana ng'ombe watano. Akawaita majirani wawili wawe mashahidi, wakapeana mikono mbele yao, na mzee akatamka kwa sauti ili wote wasikie: "Ng'ombe nimempa kwa hiari yangu. Akishatoka kwenye boma langu mbele za watu, simrudishi kwa nguvu wala kwa ujanja wa kumnyang'anya. Kwetu hiyo ni aibu."

Khatibu alikaribia kumbusu. Katika miji yote aliyopitia, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwapia tapeli kwamba hatamsumbua.

Boma lilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda Zagayu, na Khatibu alikwenda huko kwa bodaboda akiwa na kimemo cha mzee na viatu vyake vya kuchongoka. Mpaka siku hiyo ng'ombe aliyemfahamu yeye ni yule wa kwenye pilau. Alipokabidhiwa watano walio hai, wenye macho, wenye mawazo yao binafsi, alijaribu kuwasemesha kama anavyosemesha wateja. Mmoja alimkanyaga. Mwingine alimla kona ya kitambulisho. Lakini alikuwa anapiga hesabu: kesho Alhamisi ni mnada, watano wakiuzwa, bati za mama hizo hapo, na nauli, na suti ya kushukia nayo. Akawaswaga mpaka ofisi ya kata akiimba.

Maana kuna jambo dogo. Katika nchi ile hupeleki ng'ombe mnadani hivi hivi. Unahitaji barua ya mtendaji inayosema wewe ni nani, ng'ombe wako ni wangapi na rangi zao, ili watu wajue hukuwaokota kwenye zizi la mtu. Utembee nao bila barua, utakutana na sungusungu, yaani wanakijiji wenyewe wanaolinda mifugo kwa filimbi na fimbo, na ambao si wasikilizaji wazuri wa maneno matamu.

Mtendaji aliitwa Paschal. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Andika tu hapo kwa mkono, bosi," Khatibu alimwambia. "Ng'ombe watano, gonga mhuri, niende."

"Kwa mkono?" Paschal akashangaa. "Ndugu yangu, hujasoma tangazo?"

Akamtoa nje, akamsimamisha mbele ya ubao. Khatibu akajikuta ana kwa ana na maandishi yake mwenyewe.

"Lakini hili... nani kalibandika?"

"Sijui. Nimelikuta."

"Halina hata saini!"

"Lina kumbukumbu namba," Paschal alisema kwa heshima kubwa. "Na ubao huu ni wa ofisi. Wewe ulitaka nibishane na ubao wangu?"

Hapa mtu mwingine angesema ukweli. Khatibu aliufikiria ukweli, akaufikiria na jinsi watu watano waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wangeupokea, akaona bora atafute barua ya mlio. Akawafunga ng'ombe wake kwenye mti ulio jirani na stationari, akaingia kwa Mzee Bujiku kwa tabasamu.

Nyuma ya kidirisha, mbele ya kibodi yake, alikuwa ameketi Joyness.

"Karibu, mteja," alisema Joyness. "Nikusaidie nini?"

Tabasamu la Khatibu lilibaki pale pale, ila mwenyewe alikuwa ameshalihama.

"Joyness! Nilikuwa nakuja... yaani, Jumamosi..."

"Mzee aliifungua ulipotoka tu mlangoni. Ndani nimeandika jina langu na namba ya simu."

"Sisi hatununui mnyama bila kumfungua mdomo," alisema Mzee Bujiku kutoka kwenye kiti chake, bila hasira hata kidogo. "Nilitaka tu kuona kama ana meno. Nikakuta jina la binti. Na zile pembe, bhabha, ni za mtamba aliyechinjwa kabla hajazaa. Dume gani lile?"

"Mzee wangu, naomba nieleze..."

"Usieleze. Ng'ombe nimekupa, ni wako. Nilisema mbele ya watu. Ila mwenye kibodi ni huyu mayu, huyu mama hapa, naye hajalipwa. Basi tukae tuone."

Khatibu alikaa, akaona. Akasema anahitaji barua moja ndogo ya mifugo.

"Ng'ombe mmoja," alisema Joyness.

"Ndiyo, ni watano, lakini..."

"Bei. Barua ya mifugo, ng'ombe mmoja."

"Ng'ombe mzima kwa karatasi? Hashimu anaandika kwa elfu moja!"

"Hashimu hana mlio," alisema Mzee Bujiku. "Na wakala ndiye anayepanga bei. Nimeambiwa na mtaalamu."

Khatibu alipiga hesabu haraka. Wanne bado ni wanne. Bati zilikuwepo, nauli ilikuwepo, suti ndiyo ilikuwa imekufa. Akakubali. Joyness akaandika, ko-ko-ko, barua nzuri ambayo haijawahi kuonekana Bariadi: ng'ombe watano, mmoja mweupe, mmoja mweusi, wawili wekundu, mmoja wa madoadoa. Wa madoadoa akafunguliwa kwenye mti, akapelekwa nyuma ya stationari kwa mwenye mali. Khatibu akakimbia na barua na wale wengine mpaka kwa Paschal.

Paschal aliisoma, akaisogeza sikioni, akaridhika. Akatoka nje kuhesabu.

"Barua inasema watano."

"Mmoja nimelipia barua."

"Kwa hiyo unao wanne, na barua yako inasema watano. Huyo wa tano yuko wapi?" Akachomoa kalamu ya pili, akaandika kitabuni. "Niletee barua ya wanne."

Msomaji mwepesi ameshaona tunakoelekea. Khatibu, kwa heshima zote, aliona mapema pia, na alirudi kwa Joyness amejiandaa.

"Safari hii andika watatu," alisema. "Maana nikikulipa mmoja, watabaki watatu."

"Sasa hivi unao wangapi?"

"Wanne, lakini..."

"Basi naandika wanne. Uongo siandiki, kibodi ya serikali hii. Mlio utajulikana."

"Haya, chukua ng'ombe kwanza! Mpeleke nyuma! Halafu ndiyo uandike!"

Joyness akamwonyesha kwa kidole karatasi mpya ukutani, yenye kumbukumbu namba yenye mikwaju saba. Ilisema malipo kabla ya huduma ni rushwa.

"Mmeandika leo hiyo!"

"Ina tarehe," alisema Mzee Bujiku.

Akaandikiwa wanne, akalipa mwekundu mmoja, akabaki na watatu. Hakurudi hata kwa Paschal. Alikwenda chumbani kwake na ng'ombe watatu, akawafunga dirishani kwa mwenye nyumba, na Alhamisi asubuhi akaamua kwamba makaratasi ni ya watu waoga. Akawaswaga kuelekea mnadani bila barua, kwa njia ya vichakani, viatu vya kuchongoka mkononi.

Kwenye kalavati la kwanza filimbi ikalia. Wakatoka wazee sita na vijana kumi.

"Ng'ombe wa nani hawa?"

"Wangu."

"Barua?"

"Iko njiani."

"Huyu hapa ni wa rangi gani?" mzee mmoja aliuliza, akimgusa yule mwekundu.

"Mwekundu."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kila mmoja wao angemtajia jina la wekundu ule, na la ng'ombe mwingine mwenye wekundu unaofanana na huo, na ukoo wake. Wakampigia simu Mzee Bujiku, naye akathibitisha kwa moyo mkunjufu kwamba ng'ombe ni wa Khatibu kabisa, amempa yeye mwenyewe mbele za watu. Kwa hiyo hakupigwa. Alitozwa faini tu ya kutembea bila barua, ng'ombe mmoja, yule mwekundu, ambaye alichinjwa pale pale na kuliwa na kikao. Walimpa Khatibu ini. Alikuwa na njaa, akala, na alipokuwa akila machozi yalimtoka. Kikao kikadhani ni pilipili.

Mchana alikuwa kidirishani tena, ana ng'ombe wawili na hana tena sauti ya kibiashara.

"Joyness, dada yangu. Mama yangu hana paa. Nilimwambia kabla ya mvua. Hilo sikumdanganya."

Joyness aliacha kuandika. Alikuwa amemsubiri aseme kitu cha kweli, na alipokisikia alikasirika zaidi.

"Miezi saba, Khatibu. Siku tisa nilikuwa natafuta kidude kimoja kwa tochi ya simu, macho yakivimba. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia ni kitu cha maana. Nililala na furaha siku ile, unajua? Nililala na furaha kama mjinga." Akafuta pua kwa kiganja. "Ungeniambia habari za mama yako Jumatatu, tungetafuta mteja wa kweli tukagawana. Barua ya wawili, siyo?"

Barua ya wawili ikaandikwa, mweusi akaenda nyuma ya stationari, akabaki na mweupe. Ijumaa asubuhi Paschal aliisoma barua ya wawili, akamhesabu mweupe mara mbili kwa kuwa ni mtu makini, akasema hapana. Khatibu akarudi. Wakati anasubiri zamu yake, maana sasa kulikuwa na foleni mpaka nje, alimwona Hashimu mwenyewe akipenya kwa aibu kuulizia kama fundi anaweza kumtengenezea ya kwake. Walioandikiwa hapo jana walikuwa wamejibiwa leo. Watendaji walipoona barua ya mlio waliogopa kuichelewesha. Uongo wa Khatibu ulikuwa unafanya kazi kuliko huduma nyingi halali, na asiyenufaika nao katika mkoa mzima alikuwa mmoja tu.

Zamu yake ilipofika alikuwa na nafasi ya kuchagua. Angeweza kuondoka na ng'ombe asiye na barua, akabaki mchungaji wa ng'ombe mmoja Bariadi mpaka uzee. Angeweza kuchukua barua. Alimtazama mweupe, ambaye kwa siku mbili alikuwa amelala chini ya dirisha lake na hakumkanyaga hata mara moja.

"Andika," alisema.

Barua ilitoka safi: ng'ombe mmoja, mweupe, mali ya Khatibu. Mweupe akaondoka nyuma ya nyumba bila kugeuka. Mzee Bujiku akamkabidhi Joyness kamba ya wanne wote, akamwambia wabeja, yaani asante, mayu, sasa kibodi nimeinunua kwa mwenyewe. Joyness alikuwa ameshaagiza swichi mia mbili.

Paschal aliipokea barua, akatoka nje, akatazama kulia na kushoto, akachungulia hata nyuma ya choo.

"Yuko wapi?"

"Amelipia barua."

"Sasa kitabu changu kinasema una ng'ombe mmoja katika kata yangu, na simwoni. Siwezi kukuruhusu utoke hapa mjini mpaka hesabu ikae sawa. Niletee barua inayoonyesha ulichonacho."

Khatibu alirudi kwa Joyness kwa mara ya tano. Hakuomba, hakuahidi, hakuapa. Alisema tu kwamba anaomba barua ya kutokuwa na ng'ombe.

"Hiyo ni bure," alisema Joyness, na akaandika kwa uangalifu ule ule, mstari kwa mstari, akasahihisha hata nukta. "Msalimie mama."

Paschal aliisoma barua ya mwisho kuanzia tarehe mpaka jina. Akatoka nje na kalamu ya tatu. Akahesabu uwanja mtupu polepole, akarudi, akahesabu tena kwa kupitia dirishani ili awe na uhakika. Uso ukamchangamka. Wiki nzima alikuwa hajapata kazi iliyokamilika hivi. Akavuta mhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, akamrudishia barua kwa mikono miwili.

"Hongera, ndugu. Hii sasa imekaa sawa kabisa," alisema. "Umeruhusiwa kwenda mnadani. Ni Alhamisi ijayo, ila wahi, wauzaji huwa wengi."